Hesabu ya Gati, Kipungani

Bwana, hesabu uliyoitaka hii hapa.
Nimeiandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji
kwa sababu daftari langu lililowa jana
nilipokuwa nimepiga magoti mbele ya nyumba yako
nikipima.

Umetaka nguzo arubaini na nane,
mbao zibanane, asijikwae mgeni mwenye viatu vya ngozi,
gati litoke mlangoni moja kwa moja
kama rula.
Naweza. Mikono hii haijashindwa na rula.
Lakini rula yako inapita juu ya majani,
na majani yale si uchafu,
ingawa mchora ramani ameyapaka kijivu
akaandika: tupu.

Tupu! Nilimwita Lali, mwanagenzi wangu, aje aone.
Tulisimama maji ya magoti, bamvua limekupwa,
tukatulia hadi tope likashuka.
Tafi wadogo, urefu wa kucha,
wakatoka mmoja mmoja kuchungulia vidole vyetu.
Kamba mmoja, mwili kioo,
moyo wake ukionekana unavyopiga.
Lali akanong'ona, "Fundi, tumekanyaga chekechea."

Upande wa kusini, penye mizizi ya mikoko,
Bi Barka alikuwa akigonga chaza.
Ana nyundo ya mshona viatu, urithi wa mumewe,
na ndoo ya rangi ambayo bado imeandikwa:
nyeupe, lita nne.
Aliniuliza bila kugeuka, "Ndiwe fundi wa gati?"
"Ndimi."
"Usizibe ndia ya mai, basi."
Akaendelea kugonga.

Nikwambie ambalo fundi hamwambii mteja:
gati la jirani yako nililijenga mimi.
Mbao zilibanana, hata wembe haupiti.
Mwaka wa kwanza kivuli kilikuwa kivuli tu.
Wa pili, majani ya chini yakawa manjano.
Wa tatu, mchanga ukabaki uchi, ukaanza kuhama,
na zile nguzo nilizozipaka dawa ya wadudu
hazikushikwa na chaza hata mmoja.
Walinisifu. Bakshishi nikapokea.
Shemeji yangu, mwenye madema manne pale ng'ambo,
hajanisifu mpaka leo.

Kwa hiyo gati lako lipinde.
Lizunguke majani
kama mtu anavyowazunguka wanaoswali,
lifike mkondoni penye kina,
boti yako isikoroge tope kila ikigeuka.
Nguzo kumi na tisa zatosha. Ziwe ndefu,
gati liinuke, jua la asubuhi liingie chini ubavu huu
na la alasiri liingie ubavu ule.
Kati ya ubao na ubao, vidole viwili,
vyangu, si vyako.
Mgeni wa viatu vya ngozi avivue;
kwetu mlangoni watu huvua.

Utaona nguzo zimepungua na bei imepanda.
Ndiyo. Kuzunguka kuna gharama yake,
na kazi itangoja: Bi Barka anasema mwezi huu
chaza wachanga wanatafuta pa kushika.
Siwezi kukuandikia stakabadhi
ya tafi ambaye hajakua.
Nimejaribu. Nilikaa na kalamu mpaka adhana ya Isha,
nikaandika sifuri, nikaifuta,
alama yake utaiona hapo pembeni.

Ukikataa, mafundi wa rula wapo,
namba zao ninazo, nitakupa bila kinyongo;
mmoja wao nilimfundisha mimi mwenyewe.
Ukikubali, tuma neno kabla ya maji mafu.
Tutaanza na nguzo ya mwisho, ile ya mkondoni,
bila dawa, mti mtupu.
Nimekwisha kumwahidi Bi Barka:
chaza wa kwanza atakayeshika pale ni wake,
hata kama nguzo ni yako.